Ordinateri inazimazima baada ya kusasisha BIOS: hatua za kufuata kabla ya kununua kipande kipya

Tatizo linaanza hivi. Mashine ilikuwa inafanya kazi vizuri. Ikapata intaneti, ikaleta ujumbe kwamba inasasisha, ikajizima na kuwaka yenyewe. Kuanzia hapo haitulii: inajizima katikati ya kazi, inaleta skrini ya bluu, inakwama mpaka mtu aizime kwa nguvu, ao inazunguka tu bila kufika kwenye Windows.

Kwa wakaaji wa Uvira, Kiliba, Sange na vijiji vya milima ya Rurambo, jambo hili si dogo. Sekretaria nyingi za mtaani, zile zinazoandika na kuchapisha barua za watu, zinaishi kwa ordinateri moja. Shule nyingi pia ni vile, na vituo vya afya vilevile. Ndani ya ile moja kuna orodha ya wanafunzi, pointi zao, ripoti za mwezi, mikataba ya mashamba. Ikilala, kazi yote inalala. Na kuishusha kutoka milimani kwa moto mpaka mjini ni safari, ni pesa, tena wakati wa mvua ni hatari kwa mashine yenyewe.

Mara nyingi mwenye mashine anaambiwa haraka: "Karte mere imekufa." Siku ingine ni kweli. Lakini kama mashine ilianza kusumbua mara tu baada ya BIOS kusasishwa, kuna jambo la kuchunguza mbele ya kununua kitu chochote: mipangilio yake ilibadilika. Kuirudisha hakuombi dola. Kunaomba utaratibu na subira.

BIOS ni kitu gani

Ndani ya kila ordinateri kuna bamba kubwa ambalo vipande vyote vimechomekwa juu yake. Ndiyo karte mere. Juu ya bamba hilo kuna chipi ndogo yenye programu inayoamka ya kwanza kabisa mtu anapobonyeza kitufe cha kuwasha. Inahesabu RAM, inatafuta diski, inapanga volti na mbio za prosesa, inaamuru feni zizunguke, kisha inakabidhi kazi kwa Windows. Programu hiyo ndiyo watu wanaita BIOS. Ile ya mashine za kisasa jina lake la kweli ni UEFI, lakini mafundi wengi wameendelea na jina la zamani.

BIOS iko na vitu viwili vya kutofautisha. Kuna programu yenyewe, ambayo ndiyo inasasishwa. Na kuna mipangilio: tarehe, diski gani inaanza, RAM inakimbia kwa mbio gani. Kwenye mashine nyingi za mezani, betri ndogo ya mviringo ya volti 3, iliyoandikwa CR2032, inalinda saa na mipangilio hiyo wakati hakuna kuran. Programu inapobadilishwa, mipangilio mara nyingi inafutwa na kurudi ile ya kiwandani. Hapo ndipo vurugu nyingi zinaanzia.

Kwa nini inasasishwa, na nani anaamua

Kampuni zinatoa toleo jipya la BIOS kwa sababu tatu kubwa: kuziba tundu la usalama, kukubali prosesa ao RAM mpya, na kurekebisha kosa la toleo la zamani.

Watu wengi wanafikiri ni fundi tu anaweza kuigusa. Haiko vile tena. Laptopu za HP, Dell na Lenovo, ambazo ndizo nyingi kwenye soko la okazioni, zinaweza kupokea BIOS mpya kupitia masasisho ya kawaida ya Windows. Mtu anaunganisha wifi ao simu ili atume barua moja, na mashine inachukua nafasi ya kujisasisha. Ndiyo maana wengine wanaapa hawakugusa kitu, na wanasema kweli.

Ili kujua kama BIOS ilibadilika, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, kisha Enter. Ukurasa unaofunguka unaonyesha toleo la BIOS na tarehe yake. Kama tarehe hiyo ni ya karibuni kwenye mashine ya miaka mingi, jibu limepatikana.

Hatua ya 1: okoa kazi kwanza

Kama mashine bado inawaka hata kwa dakika kumi, dakika hizo ni za kunakili faili kwenye flashi ao diski ya nje. Usianze na kutafuta kosa. Hatua zingine zinaweza kufunga mlango wa diski, na hapo orodha za shule zinakuwa upande wa ndani.

Angalia pia kama diski imefungwa na BitLocker, ulinzi wa Windows. BIOS ikibadilika, BitLocker inaweza kufikiri mwizi amegusa mashine, na kuomba namba ya tarakimu 48. Namba hiyo mara nyingi iko kwenye akaunti ya Microsoft ya mtu aliyeweka mashine mwanzoni, ao kwenye karatasi aliyochapisha. Hakuna fundi anayeweza kuikisia. Bila namba hiyo, vilivyo kwenye diski havifunguki. Kwa hiyo kama mashine bado inafungua, tafuta namba leo na uiandike kwenye daftari.

Hatua ya 2: izime kabisa, kisha ipe muda

Kwenye mashine ya mezani, toa kamba ya kuran, bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde 30 ili kuran iliyobaki iishe, kisha rudisha kamba. Kwenye laptopu, toa chaja, na betri kama inatoka, ufanye vilevile.

Ikiwaka mara ya kwanza baada ya BIOS mpya, usiogope skrini nyeusi ya dakika kadhaa. Mashine mpya, hasa zenye RAM ya DDR5, zinapima RAM upya kabla ya kuonyesha kitu. Watu wengi wanafikiri imekufa, wanakata kuran, na kazi inaanza tena mwanzo.

Hatua ya 3: tofautisha kosa la BIOS na kosa la kuran

Hapa kwetu ni lazima kujiuliza swali hili. Kuran ya SNEL katika upande huu inategemea baraji za mto Ruzizi, ile ya kwanza ya mwisho wa miaka ya 1950 na ya pili ya 1989. Inakatika, inarudi, inashuka na kupanda. Milimani watu wanatumia pano za sola na konvertiseri, ile mashine inayogeuza kuran ya betri kuwa ya nyumbani. Ordinateri inaweza kuzimika kwa sababu betri ya sola imechoka, na lawama ikaenda kwa BIOS.

Jaribu mashine sehemu ingine yenye kuran tulivu, ao kwenye onduleri nzuri. Laptopu, ijaribu kwa betri yake peke yake, chaja ikiwa pembeni. Ikitulia, tafuta kwenye kuran na chaja.

Windows nayo inaandika daftari la matukio. Bonyeza Windows pamoja na R, andika eventvwr, ufungue sehemu ya mfumo. Alama ya Kernel-Power namba 41 inasema tu kwamba mashine ilizimika bila kuagwa, kama wakati kuran inakatika ao mashine inapokwama. Alama ya WHEA-Logger ni ingine: inasema prosesa, RAM ao karte mere yenyewe ilileta kosa. Ukiziona WHEA mingi tangu siku BIOS ilibadilika, endelea na hatua zinazofuata.

Hatua ya 4: rudisha mipangilio ya kiwandani kwa usafi

Inaonekana ajabu kurudisha mipangilio ambayo tayari ilifutwa. Lakini siku ingine toleo jipya linabaki na vipande vya mipangilio ya zamani, na vitu hivyo viwili havisikilizani.

Ingia kwenye BIOS wakati mashine inawaka. Mashine nyingi za mezani zinatumia kitufe cha Del, HP F10, Dell F2, na ThinkPad za Lenovo F1. Kabla ya kugusa kitu, piga picha ya kila ukurasa kwa simu. Zingatia mambo mawili: namna diski inavyosomwa, AHCI ao RAID, na namna ya kuanza, UEFI ao ile ya zamani inayoitwa Legacy. Kisha chagua "Load Defaults", hifadhi, utoke.

Kama hata BIOS haifunguki kwenye mashine ya mezani, toa kamba ya kuran, toa ile betri ya CR2032 kwa dakika tano, uirudishe. Kwenye mashine ya miaka mingi, weka betri mpya kabisa. Ni kipande cha bei ndogo, na ikiwa imeisha, saa inarudi nyuma kila siku na tovuti nyingi zinakataa kufunguka.

Hatua ya 5: kama Windows haionekani tena

Ujumbe unasema hakuna diski ya kuanzia, ao skrini ya bluu inaleta maneno INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Wengi wanakimbilia kuweka Windows upya na kupoteza kila kitu. Ngoja kwanza.

Rudi kwenye zile picha za simu. Kama Windows iliwekwa zamani kwa njia ya Legacy na sasa BIOS imejiweka kwenye UEFI, haitaiona. Kama diski ilikuwa inasomwa kwa AHCI na sasa ni RAID, ao kinyume, Windows itaanguka. Kama hakuna picha, jaribu: badilisha kimoja, washa. Ikikataa, rudisha kile, badilisha cha pili. Diski haijafutwa. Mlango wake tu ndio umebadilika.

Hatua ya 6: RAM

Kosa la RAM linafanana sana na kosa la BIOS. Fundi anayejenga mashine za mezani huwa anaruhusu RAM ikimbie zaidi ya mbio za kawaida, kupitia mpangilio unaoitwa XMP, ao EXPO kwenye mashine za AMD. Mbio zilizokubalika kwenye BIOS ya zamani zinaweza kukataliwa na mpya. Zima XMP, fanya kazi siku nzima. Mashine ikitulia, mkosaji amepatikana, itumie hivyo. Tofauti ya mbio, kwa mtu anayeandika barua na kuchapisha, haionekani.

Ikiendelea kusumbua, zima na toa barete za RAM, safisha meno yake kwa kitambaa kikavu kisichoacha nyuzi, kisha ijaribu kwa barete moja moja. Windows iko na kipimo chake ndani, hakiombi megabaiti: Windows pamoja na R, andika mdsched. Mwenye subira atumie MemTest86 kutoka kwenye flashi, ya bure, aiache masaa kadhaa. Barete inayotoa makosa ikiwa peke yake, kwa mbio za kawaida, na kwenye tundu zaidi ya moja, hiyo imechoka kweli.

Hatua ya 7: joto na Windows yenyewe

BIOS mpya inaweza kubadilisha namna feni zinavyozunguka. Mashine iliyojaa vumbi la barabara ya bonde la Ruzizi ilikuwa inaokolewa na feni zinazopiga kelele. Zikitulizwa, inachemka na kujizima. Ifungue, itoe vumbi, usikilize kama feni zote zinazunguka.

Kwa upande wa Windows, sasisha programu za karte mere kutoka tovuti ya kampuni, kisha fungua dirisha la amri kama msimamizi na uandike sfc /scannow. Inachunguza faili za Windows na kutengeneza zilizoharibika.

Hatua ya 8: kurudi nyuma ao kusonga mbele

Kama yote yamefanyika na mashine bado haitulii, toleo lile la BIOS linaweza kuwa na kosa. Angalia kwenye tovuti ya kampuni kama kuna jipya zaidi. Mfano uko: mwaka 2022 AMD ilikubali kwamba mashine zingine za Ryzen zilikuwa zinakwama kidogo kidogo kwenye Windows 10 na 11 kwa sababu ya sehemu ya usalama inayoitwa fTPM. Haikuwa RAM, haikuwa diski. Dawa ilikuja kwa BIOS mpya.

Kurudi kwenye toleo la zamani kunawezekana kwenye mashine mingi, lakini kampuni zingine zimefunga mlango huo kwa ajili ya usalama. Usilazimishe kwa faili iliyookotwa popote. Faili ni ile ya tovuti ya kampuni, ya modeli ileile, mpaka herufi ya mwisho.

Katika hatua zote hizi, kanuni ni moja: badilisha kitu kimoja, jaribu, andika. Anayebadilisha vitano kwa pamoja, hata mashine ikipona, hatajua kilichoiponya. Kesho ikirudia, anaanza tena sifuri.

Kisa cha Intel: wakati BIOS ni dawa

Si kila mara BIOS mpya ndiyo yenye kosa. Prosesa za Intel za mezani za kizazi cha 13 na cha 14, hasa zile kubwa kama Core i9-13900K na i9-14900K, zilianza kuzimisha programu na kuleta skrini za bluu kwa watu wengi duniani. Mwanzoni lawama zilienda kwa michezo ya video, kwa RAM, kisha kwa kampuni za karte mere zilizokuwa zimelegeza mipaka ya kuran ndani ya BIOS zao.

Mwezi wa 7 mwaka 2024, Intel ikakubali kwamba maagizo yake yenyewe ndani ya prosesa yalikuwa yanaomba volti nyingi kupita kiasi. Dawa, yenye namba 0x129, ilianza kutolewa mwezi wa 8 mwaka huo kupitia BIOS, kisha 0x12B ikafuata mwezi wa 9. Intel iliongeza pia miaka miwili kwenye garanti ya prosesa hizo.

Kuna funzo hapa kwa mnunuzi wa okazioni. BIOS hiyo inazuia uharibifu, haiponyi prosesa iliyokwisha umia. Mtu akileta mashine yenye prosesa ya aina hiyo, uliza toleo la BIOS, na uitumikishe kazi nzito kwa muda kabla ya kutoa pesa.

Kama haiwaki kabisa

Kama kuran ilikatika katikati ya kusasisha, programu ya kwanza imeandikwa nusu, na mashine haijui namna ya kuamka. Hata hapo, usiitupe.

Kwenye laptopu nyingi za HP, shikilia vitufe vya Windows na B pamoja, kisha bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde mbili ao tatu. Kwenye Dell nyingi, shikilia Ctrl na Esc, kisha chomeka chaja. Zikikubali, zinafungua ukurasa wa kujiokoa. Karte mere zingine za mezani zina tundu maalum la USB la kuandika BIOS kutoka flashi ya FAT32 hata bila prosesa. Na kama hayo yote yamekataa, fundi mwenye kifaa cha kuandika chipi, kama CH341A ambacho si cha bei kubwa, anaweza kuiandika upya moja kwa moja. Kwa hiyo muulize fundi: "Uko na kifaa cha kuandika chipi ya BIOS?" Kama hana, usikubali haraka neno la kwamba karte mere imekufa. Tafuta mwenye nacho, Uvira, Bukavu ao Bujumbura.

Lini kusasisha, lini kuacha

Mashine inayofanya kazi vizuri, isiyo na tatizo ambalo toleo jipya linasema linarekebisha, haina haraka. Lakini kukataa milele pia si dawa, kwa sababu matundu ya usalama yanazibwa huko. Jambo ni kuchagua siku.

Laptopu: betri yake ishikilie kuran, na chaja iwe imechomekwa. Laptopu ya okazioni yenye betri iliyokufa ndiyo iko kwenye hatari kubwa, kwa sababu kuran ikikatika sekunde moja, imezimika. Mashine ya mezani: ipitie onduleri, si tundu la ukuta peke yake. Kwa wenye sola, fanya saa sita za mchana jua likiwa kali, si jioni betri ikiwa imeshuka, na zima vitu vingine vinavyokula kuran. Kwa wenye grupu, jaza mafuta mbele ya kuanza. Mvua ya radi ikianza kunguruma, acha mpaka kesho. Mashariki ya Kongo ni kati ya sehemu za dunia zinazopigwa na radi nyingi.

Kabla ya kuanza: nakili faili, piga picha za mipangilio, simamisha BitLocker kwa muda. Ikianza, hakuna kugusa. Ni kazi ya dakika chache tu.

Na kwa ofisi yenye mashine moja tu, kuna desturi ndogo inayosaidia kuliko hatua zote za juu: kila Ijumaa, mtu mmoja anayejulikana ananakili kazi ya juma kwenye flashi, na flashi hiyo inalala nyumba ingine.